Daftari Nililolifungua Beni

Siku hiyo naikumbuka hata ninapotaka kuisahau, mwanangu. Jua lilikuwa limesimama katikati ya mbingu, nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbao ndani ya ofisi moja ya Beni, chupa ya soda mkononi, daftari langu limefunguliwa mezani mbele ya mtu mwenye bastola kiunoni. Nami nilikuwa nacheka. Unasikia? Nilikuwa nacheka. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Mtu aliyevunjiwa nyumba akiwa usingizini unaweza kumhurumia. Mimi nilifungua mlango kwa mkono wangu, nikamkaribisha mwizi, nikamwonyesha na chumba.

Juzi ulikuja uani kwangu hapa Mulekera na simu yako na koti lako jeupe la faculté, chuo chenu. Ukapiga picha mbuzi wangu kabla hatujamaliza kusalimiana. Ukaniuliza wako wangapi, wanalala wapi, na jirani zangu wanafuga nini. Nilikufukuza. Nilikufukuza kwa maneno ambayo mzee hapaswi kumwambia mtoto wa watu, na mke wangu amenisema siku mbili nzima juu yake. Ana haki. Donc, basi, keti, nikueleze. Hasira yangu haikuanza na wewe, wewe ulikanyaga tu kidonda cha zamani. Lakini sitakudanganya: nikisimulia nitakasirika tena, maana kuna mambo ambayo mtu akiyasimulia kwa upole huyo amekwisha kuyageuza uongo.

Mimi ni mtoto wa milimani, upande wa Lubero. Baba yangu alilima viazi na kufuga wanyama wachache, na alinipa jina la Muhindo kama lilivyoangukia zamu ya kuzaliwa. Nilichelewa kufika chuo kwa sababu kila mwaka kulikuwa na mdogo wangu mwingine wa kusomeshwa kwanza. Nilipoingia mwaka wa mwisho wa zootechnie pale Butembo, elimu ya kufuga wanyama kwa akili, nilikuwa nakaribia miaka thelathini. Wenzangu waliniita Mzee. Nilijifanya sipendi, kumbe nilipenda.

Ilikuwa miaka ya vita. Butembo na Beni zilikuwa mikononi mwa waasi, na waasi wenyewe walikuwa wamegawana nchi kama nyama ya matanga. Kila barabara na kizuizi chake, kila kizuizi na komanda wake. Na sisi tulisoma. Watu wa mbali hushangaa nikiwaambia hivyo. Wanafikiri vita ni bunduki kutoka asubuhi hadi jioni. Hapana. Vita ni kwenda kusikiliza somo la magonjwa ya ng'ombe huku ukijua kwamba ng'ombe wa mjomba wako wamekwisha kuchukuliwa. Ukisema utangoje amani ndipo usome, huku kwetu utazeeka umekaa mlangoni.

Kumaliza masomo kulitaka mémoire, kitabu cha uchunguzi wako mwenyewe. Wengine walichagua nguruwe wa Butembo, kwa kuwa wako karibu. Mimi nilitaka kitu kigumu. Nilichagua mbuzi wa vijiji vya upande wa Mabalako, na swali langu lilikuwa zuri, hata leo nalisimamia: kwa nini wanambuzi wanakufa wengi kabla ya kutimiza miezi mitatu? Nikafunga mzigo: mizani ya kuning'iniza, buti za mpira, koti jeupe, na daftari kubwa la jalada gumu. Nikaenda kukaa majuma sita katika kijiji kimoja cha huko. Jina lake nimeapa nisilitamke tena mbele ya mgeni, nawe ni mgeni, usiniulize.

Huko ndiko nilikomkuta Koko Kahindo. Koko, unajua, ni bibi, nyanya. Mwanamke mwembamba, mjane, mkatoliki wa kusali kila siku, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba maji. Aliishi na mwanawe Kasereka, kijana wa umri wangu, mwenye mke na watoto wawili. Walinipa chumba. Kila asubuhi nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza habari za mbuzi, na kila nyumba ilinijibu jibu moja.

“Miye hapana mbuzi,” Koko naye aliniambia, mavi mabichi ya mbuzi yakiwa chini ya miguu yake.

“Na hii, Koko?”

“Ile ni ya mbuzi ya njia. Ilipita tu.”

Sikuelewa mara moja. Kijiji kizima kilikuwa kimejifunza kuficha. Askari walipita, wa upande huu na wa upande ule, na kila mmoja alipita na njaa yake. Kwa hiyo mbuzi hawakulala tena nyumbani. Walilala mbali, kila familia na mahali pake: katika shamba la kahawa lililoachwa, katika michikichi ng'ambo ya mto, katika bonde ambalo mgeni hawezi kulidhania. Na watu walisema hawana kitu, wakavaa nguo zilizochanika zaidi, wakaishi.

Kilichonifungulia mlango ni mbuzi jike aliyeshindwa kuzaa. Kasereka alinijia mbio asubuhi moja, jasho linamtoka, akasema, “Ingénieur, kama unajua kitu, kuja sasa.” Mtoto alikuwa amegeuza kichwa nyuma tumboni. Nilinawa kwa sabuni, nikapaka mkono mafuta ya mawese, nikaingiza taratibu, nikakitafuta kichwa, nikakirudisha. Akatoka mzima, akapiga chafya. Koko Kahindo, aliyekuwa amesimama juu yetu mikono kiunoni, akasema, “Mungu alikupatia mikono.”

Kesho yake alinivusha mto mwenyewe. Akanionyesha mbuzi wake kumi na watano, wanene, wenye manyoya ya kung'aa, katika shamba la zamani la kahawa. Jirani nao walipoona Koko amenifungulia, walinifungulia. Mwanangu, hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote nilizopata maishani, na sikujua kwamba ni heshima. Nilifikiri ni données tu, takwimu za mémoire.

Na kweli nilivumbua kitu. Wanambuzi walikuwa wanakufa kwa sababu ya maficho. Mahali pa kufichia ni pa chini, penye unyevu, hapana paa, matope yanafika kwato. Mtoto anazaliwa leo, kesho kifua kinamkaba. Vita vilikuwa vinaua wanambuzi bila hata kuwapiga risasi! Nilifurahi sana. Nikaandika kila kitu: jina la mwenye nyumba, mbuzi wangapi, wanalala wapi, udongo gani, umbali gani kutoka njiani. Nikachora ramani nzuri sana, mto kwa wino wa buluu.

Kasereka alikuwa na mbuzi saba wa kwake, mmoja wao mwanambuzi dhaifu. Nilimpima, nikasikiliza kifua, nikamwambia, “Huyu akikufa musimule. Muzike chini sana, ugonjwa usienee.” Alitikisa kichwa kama mwanafunzi mwema. Katika daftari niliandika: Kasereka, saba.

Koko aliniangalia nikiandika. Akauliza, akionyesha daftari, “Mu hii kaye unaandikaka nini?”

“Ni mambo ya masomo tu, Koko.”

“Jina yangu iko ndani?”

“Iko.”

“Na njia ya kule ngambo?”

“Iko. Nimeichora.”

“Na mutu mwengine anaweza kusoma?”

“Ni Kifaransa, Koko.”

“Basoda habajue Kifaransa?” Alimaanisha askari.

Nikacheka. “Basoda bafanye nini na kaye ya zootechnie?”

Yeye hakucheka. Alikaza kitambaa cha kichwani, akaenda zake shambani. Mwanamke asiyejua kusoma aliuliza maswali matano, na yote matano yalikuwa ya msomi. Mimi msomi sikuuliza hata moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini ona ubaya wa methali hiyo: wakati mwingine guu linalovunjika si lako.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo damu inapopanda. Profesa wangu hakunidai muhuri wa serikali. Wala sheria ya chuo haikuudai. Niliutaka mwenyewe. Nilikuwa nimeona mémoire za wenzangu zenye barua za wakubwa nyuma, mihuri mikubwa ya rangi, nikaona wivu. Kwa hiyo, nilipomaliza kijijini, badala ya kupita Beni moja kwa moja hadi Butembo, nilisimama. Nikaingia katika ofisi ya waasi, iliyoitwa ya kilimo, nikaomba muhuri.

Karani aliniacha kwenye benchi muda mrefu. Kisha akaingia komanda. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, mwanangu, mikunjo imesimama, na alinukia sabuni. Ningekuwa nimemwona mchafu, na macho mekundu, na sauti ya kulewa, labda ningeogopa. Aliniamkia kwa mikono miwili.

“Ingénieur! Keti, keti. Batu kama weye njo tunatafutaka. Hii inchi haina techniciens.”

Akaagiza soda. Hakuna mtu aliyewahi kuniita ingénieur akiwa amekaa nyuma ya meza. Wale wa kijijini waliniita hivyo wakiwa wamesimama kwenye matope, na kwangu hilo halikuwa na uzito. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji tu, nilimwaga mtungi mzima.

“Tunataka kuleta chanjo ya mbuzi,” akasema. “Mais, batu ya kule banasemaka hawana mbuzi. Tutachanja nini?”

“Banawadanganya, Komanda!” nikasema, na hapo ndipo nilipocheka. “Mbuzi iko mingi. Banaficha tu.” Nikafungua daftari. Nikamgeuzia lielekee upande wake, ili asome vizuri. Nikamweleza werevu wa wakulima, jinsi kila nyumba ina mahali pake, nikapitisha kidole juu ya wino wa buluu.

“Gari inafika?”

“Mpaka mtoni. Kisha ni mwendo wa mguu, dakika ishirini.”

“Na ile minene iko kwa nani?”

Nikamwambia.

Hakuuliza ugonjwa gani unawaua. Mtu mwenye chanjo huuliza ugonjwa kwanza. Hilo tulifundishwa mwaka wa kwanza, na mtoto mdogo angeliona. Sikuliona. Akaomba daftari apige photocopie, mashine ilikuwa chumba cha pili, nikasikia jenereta inanguruma. Niliporudishiwa daftari, lilikuwa na muhuri kwenye ukurasa wa mwisho, mkubwa, wa rangi ya zambarau. Nilisafiri hadi Butembo nimelikumbatia.

Majuma mawili baadaye nilirudi kijijini kushukuru. Mama yangu alikuwa amenifunza kwamba ukila kwa watu unarudi na kitu mkononi. Nilinunua chumvi, sabuni, na samaki wa chumvi kutoka Kyavinyonge. Nilipokaribia, hata niliimba. Kijiji kilikuwa kimya. Si kimya cha watu waliokwenda shambani. Milango ilikuwa wazi na ndani watu wamekaa.

Koko Kahindo alikuwa amekaa chini mbele ya nyumba yake, miguu imenyooshwa, kichwa kimenyolewa. Ukiona mwanamke wa kwetu amenyoa hivyo huulizi kama kuna msiba, unauliza nani.

“Nani, Koko?”

“Kasereka.”

Alinisimulia bila kuniangalia, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Walikuja mchana wa jua kali, na gari mpaka mtoni. Walikuwa na karatasi. Walisimama njiani wakasoma majina. “Balianza kwa katekista,” akasema, “bakaenda kwa mujane wa pembeni, bakakuja huku. Njia ile ile yako, Muhindo. Nyumba kwa nyumba, vile ulitembeaka weye.” Aliyesema hana mbuzi walimsomea idadi yake, kisha wakampiga kwa kuwa mwongo, kisha wakamfanya awaongoze mahali ambapo karatasi ilikwisha kuwaonyesha. Walichukua kila mnyama wa kijiji. Nusu saa ya kusoma, na kazi ya miaka yote ya kuficha ikaisha.

Kwa Kasereka karatasi ilisema saba. Walikuta sita.

Yule mwanambuzi dhaifu alikuwa amekufa, siku chache baada ya mimi kuondoka. Na Kasereka alikuwa amefanya kama nilivyomwagiza. Hawakumla. Alimzika chini sana. Aliwaambia amekufa, wakasema anaficha. Aliwaomba awaonyeshe. Akapiga magoti akafukua kwa mikono, mbele ya mke wake na watoto, na alipofika chini kulikuwa na kitu kilichooza kisichotambulika. Mmoja wao akasema, “Hiyo ni imbwa.” Wakampiga na vitako vya bunduki, tumboni na mgongoni, wakitaka mbuzi wa saba. Siku ya tatu watu walimbeba kwa machela kumpeleka hospitali ya Mangina. Alikufa njiani.

Mwanambuzi mmoja, mwanangu. Nilikuwa nimekwenda kule kutafuta kwa nini mwanambuzi anakufa.

Nikasema neno ambalo kila mjinga husema. Nikasema, “Koko, sikujua.”

Hapo ndipo alipogeuza uso. Wanaume walikuwa wamekwisha kukusanyika nyuma yangu, nilisikia pumzi zao, na najua wangeniua. Aliwazuia kwa mkono tu. Akasema, “Haukujua? Weye mwenye kujua? Ulijua mafua ya mbuzi, ulijua udongo, ulijua kuhesabu mavi. Mutu anakuonyesha mahali amefichia maisha yake, haukujua ile ni nini?”

Chumvi na samaki vikaniponyoka mkononi.

“Hapa banasema ulituuzisha. Miye nasema hapana. Heri ungetuuzisha! Mutu mwenye kuuzisha anajuaka bei ya kitu. Weye ulitutoa bure. Kusudi bakusifu.”

Akaniambia niondoke kabla mkono wake haujachoka. Niliacha chumvi na samaki pale vilipoanguka. Nimepigwa katika maisha yangu, nimefungwa siku kadhaa, nimetukanwa na watu wanaojua kutukana. Hakuna kilichonichana kama maneno hayo mawili: bure, na kusifiwa.

Ungefikiri niliacha kila kitu. Hapana. Ngoja nikuonyeshe jinsi mtu anavyoweza kuendelea kuoza. Nilirudi Butembo nikamweleza profesa wangu. Alivua miwani, akaipangusa, akasema, “C'est la guerre, Muhindo. Wangechukua tu, leo ama kesho. Données zako ni safi. Usizipoteze.” Nikamsikiliza kwa sababu nilitaka kumsikiliza. Kila mara mtu akitaka kukwepa kosa lake katika nchi hii, anasema ni vita. Vita vilichora ramani? Vita vilikunywa soda? Ona, nimekasirika tena. Bunduki haijui njia ya shamba la kahawa. Lazima awepo mtu wa kuielekeza, na mvunja nchi ni mwananchi.

Nikatetea mémoire yangu mbele ya majaji watatu, na tai shingoni. Waliniuliza nimepima wanyama wangapi na kwa njia gani. Walisifu ramani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama wale mbuzi bado wako hai, wala wenye mbuzi. Na mimi sikusema. Nilipewa distinction, alama ya juu, watu wakapiga makofi, wakanimwagia unga kichwani kama desturi yetu.

Baba alikuja kutoka Lubero kwa sherehe. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alinitazama nikigeuza nyama kwenye sahani, akaniita nje, nyuma ya nyumba, akasema, “Muhindo, uko sawa mutu mwenye kuzikwa. Sema.” Nikasema yote. Nilitazamia anifariji, kwani ni baba yangu. Badala yake akasema, “Unga ule, ujipanguse. Kisha urudie kule.”

“Bataniua, Baba.”

“Inaweza kuwa. Lakini ukibakia hapa utakuwa mutu ya kusifiwa maisha yote. Ile njo kifo mubaya zaidi.”

Alinipa mbuzi jike wawili wenye mimba. Niliwasafirisha juu ya lori hadi Beni, nikashuka nao, na toka hapo nikawaswaga kwa miguu, nikikwepa vizuizi kwa njia za mashambani. Nilipofika, Koko Kahindo alizichukua kamba, akazipeleka kwa mke wa Kasereka. Akarudi akasimama mbele yangu.

“Hii ni mbuzi,” akasema. “Haiko mutoto yangu.”

“Ninajua, Koko.”

“Sasa unajua.” Akanitupia panga. “Kwenda kukata mianzi.”

Nilikaa kule si siku, si mwezi, nilikaa miaka. Nililala katika kibanda cha pembeni, na kwa muda mrefu watoto walikatazwa kunijia. Watu walikuwa wanaanza upya, mmoja na mbuzi mmoja kutoka kwa shemeji, mwingine na wawili. Walichagua maficho mapya, na hawakunionyesha. Wangenionyesha kwa nini? Niliwafundisha mbele ya nyumba ya Koko jinsi ya kujenga sakafu ya mianzi iliyoinuka juu ya matope, na kipaa cha majani, ili mtoto akizaliwa alale pakavu. Na jinsi ya kumnyonyesha maziwa ya kwanza saa ile ile. Wao walikwenda kujenga wanakojua wenyewe. Sikuandika kitu. Sikupima kitu. Nilijua tu kwa kusikia: mwanambuzi wa fulani amefika miezi mitatu, wa fulani amefika mitano. Elimu yangu ilikuwa ya kweli tangu mwanzo, mwanangu, na hilo ndilo linanichoma. Ningeweza kuitoa hivyo toka siku ya kwanza, kwa mikono na kwa mdomo, na Kasereka angekuwa mzee mwenzangu leo.

Siku moja, nikitoka soko la Mangina, nilisimamishwa kwenye kizuizi. Hao hawakuwa wale wa kwanza. Walikuwa wengine, maana huku walibadilishwa kama nguo. Mmoja aliniangalia akasema, “Weye njo ule ingénieur ya mbuzi?”

“Hapana,” nikasema. “Miye nalimaka mihogo tu.”

“Banasema ulisoma.”

“Banadanganya. Miye sijui hata kusoma.”

Walinichapa fimbo ishirini na tano, nimelala kifudifudi barabarani, mchana watu wakipita na mizigo yao. Kila baada ya tano walirudia swali, na kila mara nililijibu vile vile. Miye nalimaka mihogo. Nilifika kijijini karibu nikitambaa. Koko Kahindo aliniona. Alichemsha maji, akaniosha mgongo mwenyewe, bila kuuliza. Alijua tayari, habari hutembea haraka kuliko mtu aliyepigwa. Kesho yake alimtuma mjukuu wake, mtoto wa Kasereka, kuniita nile nao.

Hakunisamehe kwa mdomo, na sikumwomba. Alikufa kwa uzee, kitandani mwake, miaka mingi baadaye, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Usinitafutie faraja zaidi ya hiyo. Majuto ni mjukuu, na wangu amekua, ameoa, anaishi nami.

Basi sikiliza nasaha yangu, nayo naitoa kwa ukali kwa sababu upole haukunifaa. Somo lako ni jema. Endelea nalo. Nchi hii inahitaji watu wanaojua kwa nini mnyama anakufa, na usimruhusu mtu akwambie kwamba wakati wa vita masomo hayana maana. Lakini mtu akikufungulia mlango wa zizi lake, jua kwamba hajakuonyesha mbuzi, amekuonyesha shingo yake. Kabla hujaandika jina, jiulize nani atalisoma ukiwa umekwisha kwenda. Kama jibu hulijui, usiandike. Mémoire bila jina la mtu inasimama. Mtu bila mbuzi wake haanguki peke yake, anaanguka na watoto. Usichore maficho ya mtu, hata kwa wino mzuri, hata profesa akisema ramani inapendeza. Usiseme ni Kifaransa, usiseme iko ndani ya simu na simu ina ufunguo. Mimi nilisema hivyo hivyo. Vita havijakwisha huku, unajua vizuri kuliko mimi; vinabadili mavazi tu.

Ukivumbua kitu, wape kwanza wale uliokivumbua kwao. Waambie kwa lugha yao, umekaa nao chini, kabla jaji yeyote hajakisikia. Bibi asiyejua kusoma akikuuliza swali, usicheke. Simama, jibu, na kama huna jibu funga daftari siku hiyo. Na mtu mwenye nguvu akikusifu, tazama kiti chako kiko upande gani wa mlango, uondoke. Ukikosa hata hivyo, maana utakosa, usijifiche nyuma ya vita. Rudi. Rudi hata kama watakuua. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyemwaga anaweza kwenda mtoni tena na mtungi kichwani, mbele ya watu wote.

Sasa inama nikushike kichwa, hata kama bado una hasira na mimi. Mungu wa baba zetu akupe mikono ya kuzalisha na macho ya kuona ugonjwa ungali mdogo. Akupe mahali pa kulala katika kila kijiji utakachofika, na akujalie watu wa pale wafurahi kukuona ukirudi. Na siku mtu atakapokuuliza habari za waliokupokea, Mungu aufanye ulimi wako uwe mzito kama jiwe la kusagia, na mgongo wako aufanye mgumu.